Huyo Si Paka, Mjukuu Wangu

Kaa hapa, mjukuu wangu. Miguu yangu imechoka, na neno hili nimelisema mara nyingi hapa Tengeru. Asubuhi umenijia mbio: "Babu, nimeua paka mwitu!" Nikakufuata mpaka mgombani. Hebu mtazame tena. Mwili mrefu mwembamba, miguu mifupi, madoa meusi ubavuni, na mkia wa pete pete unaokaribia urefu wa mwili wake. Huyo ni kanu. Kwa ukoo ni jamaa wa fungo, si wa paka.

Unasema jina ni jina tu. Sivyo, baba. Ukishamwita paka mwitu umekwisha kumhukumu. Fungo naye mnamwita hivyo hivyo, nguchiro hivyo hivyo, hata kicheche. Fungo huyo huyo ndiye mwenye zabadi, ile iliyotiwa kwenye manukato ya watu wakubwa, na chakula chake ni pamoja na jongoo. Nani kati yenu anajua hayo?

Chukua mfano wa jina: huko Australia yuko mnyama mdogo mla nyama, mwenye madoa meupe, anayelea watoto wake mfukoni mwa tumbo. Wenyeji wa Mto Endeavour walikuwa na jina lake, na watu wa meli ya nahodha Cook waliliandika mwaka 1770: kwoli. Walowezi waliofuata wakamwita paka wa kienyeji. Wakamtega, wakamwekea sumu kwa ajili ya kuku wao, na mbweha walioletwa kutoka Ulaya wakazidisha balaa. Kufikia miaka ya 1960 aina yake moja, kwoli wa mashariki, alikuwa ametoweka bara, akabaki kisiwani Tasmania.

Sikatai, kanu hula kuku. Wawili wamekufa, na najua uliwanunua kwa jasho lako. Inaniuma kama wewe. Lakini chakula chake kikubwa ni panya. Wakianza kutoboa magunia ya mahindi mwaka huu, usije kuniuliza wametoka wapi. Na lile tundu chini ya mlango wa banda nilikuonyesha tangu masika. Kanu, penye kupita kichwa, na kiwiliwili kinapita.

Wavu tutanunua kesho, nitachangia nusu. Sasa chukua jembe nyuma ya jiko, umchimbie shimo pale mgombani kabla mbwa hawajamfikia.