Jua la Mpanda

Soma Mambo ya Walawi 23:32 na Nehemia 13:19. Sabato huanza lini?

Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua halizami nchi nzima kwa pamoja. Mpanda iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa digrii nane hivi, na kila digrii ni dakika nne. Basi anayefuata ratiba ya machweo ya Dar es Salaam hulitangulia jua la Katavi kwa karibu nusu saa.

Ijumaa sokoni, nusu saa hiyo si ndogo. Ndipo mnunuzi wa mchele huja na fedha mkononi. Dada mmoja amekwisha kufunika magunia. Jirani yake, mshiriki wa kanisa lile lile, bado anapima, maana jua analiona. Nani amevunja amri? Hakuna. Mungu aliweka mpaka jioni, si kwenye saa ya ukutani. Anayefunga mapema hakosei. Nehemia naye alifunga malango giza lilipoanza tu kuingia (na watoto nao wanahitaji kuogeshwa). Ila kanuni yake ikigeuka fimbo ya kumchapia jirani, si uchaji tena.

Amosi 8:5 inamgusa yule wa pili. Wapo walioitunza siku huku wakiuliza itakwisha lini wauze nafaka.

Jadilini: Mnunuzi amefika jua likikaribia kuzama, na ada ya mtoto inadaiwa Jumatatu. Dada huyo analitazama jua kwa sababu gani?