Kazi Yake Mwingine Ataifanya

Mwaka 2017, miezi michache kabla ya Marvel vs. Capcom: Infinite kutoka, mmoja wa watu wa Capcom waliokuwa wakilitangaza gemu hilo aliulizwa jambo ambalo kila mpenzi wa mapigano ya mashujaa alikuwa nalo mdomoni: Magneto, yule wa katuni za X-Men, yuko wapi? Alijibu kwamba, ukiwaza vizuri, wahusika hawa ni kazi tu. Magneto anapendwa kwa sababu ni mwepesi na anaweza kuchupa angani kuelekea pande nane. Basi Nova anaweza, Captain Marvel anaweza, Ultron naye anaweza. Anayemlilia Magneto atayapata yaleyale kwa hao.

Wapenzi waliwaka moto. Kauli ile ikawa kejeli, na hadi leo mtu akitaka kumchoma mwenzake katika mabishano ya magemu haya huichomoa. Mimi naona ilistahili kujibiwa kwa uzito zaidi, maana ndani yake mna dai kubwa kuhusu kupenda kitu, na aliyelitoa hakuwa karani asiyejua anachokiuza. Kabla ya kuajiriwa na Capcom alikuwa mchezaji wa mashindano, mtu aliyekaa miaka na mchezo huuhuu. Alisema kama mchezaji anavyosema.

Na mchezaji, akiwa katikati ya pambano, haoni kofia ya chuma wala joho. Anaona upenyo. Picha za magemu haya hubadilika mara 60 kwa sekunde, na pigo linalotoka ndani ya picha nne hulitangulia linalotoka ndani ya saba, awe anayelipiga ni mungu wa ngurumo au meya wa mji. Magneto mikononi mwa bingwa huruka, na kabla hajapanda sawasawa huchupa kwa mshazari kurudi chini, akichora pembetatu hewani kwa kasi inayomnyima mpinzani nafasi ya kuamua ajikinge juu au chini. Mpinzani akikosea mara moja, ameshikwa, na huenda asiiguse tena ardhi mpaka nguvu zake ziishe. Hiyo ndiyo kazi, na ni kweli kwamba inaweza kuandikwa upya na kuvishwa mtu mwingine.

Tunao mchezo uliolifikisha wazo hili mwisho wake. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kete iliyo bora kuliko nyingine. Nguvu yake hutokana na shimo ilimo, na wingi wa zilizo nayo, na zamu ni ya nani. Kete moja ikipotea, unaokota komwe nyingine, mnaendelea, na hakuna anayeomboleza. Wala bao si mchezo wa watoto. Bingwa wa bao hubeba kichwani mizunguko ambayo mtu wa kawaida hawezi kuifuata hata kwa macho. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mchezo wa kazi tupu hauna maana. Unayo, tena kubwa. Ila maana hiyo yote imekaa kwa wachezaji na katika mpangilio wa mashimo, na hakuna hata chembe iliyobaki kwenye kete. Kilichobishaniwa mwaka 2017 ni kama Magneto ni kete.

Nadhani jawabu linaanza kwa kuuliza hiyo kazi yenyewe ilitoka wapi. Marvel vs. Capcom 2 lilitoka mwaka 2000 likiwa na wahusika 56, kila mchezaji akijichagulia watatu. Zama zile gemu likishatoka limetoka. Hapakuwa na marekebisho ya kushushwa kwa intaneti wiki ijayo. Kilichobaki kilikuwa watu na mashine. Katika kumbi kama Chinatown Fair huko New York na Southern Hills Golfland huko California, vijana walisimama kwenye foleni wakiwa na sarafu, wakapigwa, wakarudi nyuma ya foleni, na wakiwa wanasubiri walibishana. Nani mkali? Pigo lile linaunganishwaje na hili? Jana nani alimfunga nani, na alifanya nini pale ukutani? Mashindano makubwa ya Evo, yaliyokuja kufanyika Las Vegas, yaliendelea kulipa gemu hilo jukwaa hadi mwaka 2010, na miaka yote hiyo bado kulikuwa na vitu vipya vya kugundua.

Magneto aliyetoka kwa watengenezaji wake Japani hakuwa Magneto wa miaka kumi baadaye. Walimpa miguu myepesi na mchupo wa pande nane. Mifululizo ya mapigo isiyo na mwisho, mitego ya kumwachia mpinzani kidogo ili umnase upya, namna ya kumwita mwenzako kwa nukta moja ili akuzibie upenyo, hayo waliyatafuta wachezaji wenyewe, usiku baada ya usiku, wakisimuliana na kusahihishana. Sasa mtu hakai na mhusika miaka kumi kwa sababu ya kazi ambayo bado haijajulikana. Alikaa naye kwanza kwa sababu nyingine: alimpenda katika katuni, au kaka yake alikuwa akimchagua, au alipenda tu anavyoelea na mikono yake iliyokunjwa. Kazi ilipatikana kwa sababu watu walikaa. Hapa ndipo kauli ya mwaka 2017 inapogeuka juu chini. Ilitufundisha kwamba wapenzi wanampenda Magneto kwa ajili ya kazi yake, ilhali kazi yake, kwa sehemu kubwa, ni mazao ya wapenzi wake.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Evo 2015. Taji la Ultimate Marvel vs. Capcom 3 lilichukuliwa na KaneBlueRiver, mchezaji kutoka Chile, akiwa na Hulk, Sentinel na Haggar. Haggar hata si wa Marvel. Ni meya mwenye masharubu wa mji uitwao Metro City, aliyeanzia kwenye gemu la Final Fight, na silaha yake ni bomba la chuma na mieleka. Miili mitatu mikubwa na mizito, katika gemu lililotawaliwa na wepesi kama Zero, na Vergil, na Morrigan anayekunyeshea makombora kutoka mbali. Orodha za madaraja ambazo mashabiki huzipanga na kuzipangua hazikuwaweka Hulk na Haggar kileleni, na aliyeanza kwa kuuliza ni nani anayefanya kazi vizuri zaidi asingeifikia timu hiyo. Ilibidi awepo mtu aliyewashikilia wazito wake mpaka akaona ndani yao kitu ambacho hesabu za wengine hazikukigusa. Baada ya hapo kazi yao ikaonekana na kila mtu. Kabla ya hapo ilionekana na mmoja.

Upo upande wa pili, na mashabiki waliokuwa na hasira hawakuupa haki yake. Kama kazi peke yake haitoshi, je, basi kinachotosha ni jina na hadithi? Magneto wa katuni amekuwapo tangu mwaka 1963, na tangu miaka ya 1980 hadithi yake imemfanya kuwa mtu aliyenusurika Auschwitz akiwa mtoto, anayeapa kwamba watu wake hawatapelekwa tena kuchinjwa. Huyo ni mhusika wa kumkosesha mtu usingizi. Lakini anayebonyeza vitufe ili amalize mfululizo wa mapigo hafikirii kambi za mateso, na ingekuwa uongo kudai kwamba anafikiri. Gemu lenyewe halijali hadithi. Mashine za Sentinel zilibuniwa katika katuni mwaka 1965 ziwinde mutanti, watu kama Magneto na Storm. Katika Marvel vs. Capcom 2 mwindaji na mwindwa ni timu moja, Storm na Sentinel wanazibiana mapengo bega kwa bega, na hakuna mchezaji aliyewahi kuona aibu.

Tena huyo Sentinel ananifikirisha kuliko wote. Kwa hadithi yake hana nafsi. Anatengenezwa kwa wingi, akivunjwa mmoja unatumwa mwingine, na yule aliyevunjwa hakuwa na lolote la kumtofautisha. Ukitaka kiumbe ambaye ni kazi tu, ambaye mbadala wake ni sawa naye kabisa, ni yeye. Na ndiye aliyekuja kuhesabiwa, pamoja na Magneto, Storm na Cable, miongoni mwa wanne wakali wa gemu zima, akawa na mashabiki wake, na wachezaji waliojulikana kwa jina lake. Marvel vs. Capcom 3 lilipotoka Februari 2011 alikuwa na uhai wa pointi 1,300,000. Mwezi uliofuata Capcom ikampunguzia hadi 905,000, na ubishi uliozuka ulikuwa wa watu wanaozungumzia aliyeonewa, au aliyepata alichostahili. Mashine isiyo na nafsi ilikuwa imepewa nafsi. Hadithi haikumpa. Takwimu zake nazo hazikumpa, kwa sababu zilipokatwa hakuacha kuwa Sentinel kwa watu wake.

Aliyempa ni nani basi? Naweza kuonyesha jinsi inavyotokea, na naona hilo linatosha kuliko kulipa jina. Evo 2013, Justin Wong wa New York alijikuta amebaki na Akuma peke yake mbele ya ChrisG, ambaye Morrigan wake alikuwa akiwatoa watu jasho mwaka mzima. Kwa mpango wa timu ile, kazi kubwa ya Akuma ilikuwa kuitwa kwa kitambo kidogo, apige, aondoke. Wong akapigana naye hadi mwisho, pigo kwa pigo, ukumbi mzima ukipaza sauti, na akashinda. Taji la mwaka ule hakulipata. Lilikwenda kwa Flocker. Lakini mwambie aliyeliona pambano lile kwamba yupo mhusika mwingine mwenye mapigo yale yale na kasi ile ile, atakuelewa, na bado atakuambia yule si Akuma. Hatakuwa anaongea upuuzi. Mhusika amebeba jambo lililotokea kweli, siku fulani, mbele ya watu wanaokumbuka, na jambo hilo haliwezi kunakiliwa kwa kunakili mapigo yake.

Ndiyo maana siyachukulii mabishano haya kuwa mzaha wa watoto. Watu wanaokesha wakibishana kama Hulk yuko daraja la pili au la tatu wanapatanisha kumbukumbu zao: nani alifanya nini, akiwa na nani, na kwa nini ilihesabika. Wanaposikia kwamba mpendwa wao atabadilishwa na mwingine wa kufanya kazi ileile, wanasikia kitu ambacho wengi wetu tumewahi kuambiwa kazini au nyumbani, kwamba nafasi yetu inazibika. Huenda inazibika kweli. Kilichouma ni kuambiwa kwamba, kwa kuwa nafasi imezibwa, hakuna kilichopotea.

Walioshika haki za kisheria walikuwa na hesabu zao. Mfululizo huu wa magemu ulianzia kwenye X-Men: Children of the Atom mwaka 1994, kisha X-Men vs. Street Fighter mwaka 1996. X-Men ndio waliokuwa msingi wa nyumba. Lakini mwaka 2017 haki za filamu za X-Men zilikuwa mikononi mwa Fox, Marvel ilikuwa chini ya Disney, na mashabiki wengi waliona humo sababu ya Magneto na wenzake wote kukosekana. Kabla ya hapo, Desemba 2013, Marvel vs. Capcom 2 lenyewe lilikuwa limeondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Miaka minane baadaye mashabiki walianzisha kampeni ya kutaka liachiwe huru, na mwaka 2024 Capcom ikalitoa tena pamoja na magemu sita mengine ya zamani. Jina na programu vina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kufunga mlango. Zile saa za watu kwenye foleni ya mashine hazimo katika mkataba wowote, na ndizo zilizomlazimisha kuufungua.

Infinite, kwa upande wake, halikufika kwenye jukwaa kuu la Evo 2018, mwaka mmoja tu baada ya kutoka. Wachezaji waliolijua walisisitiza tangu siku ya kwanza kwamba mapigano yake ni mazuri, na kwamba lililowafukuza watu ni sura: nyuso zilizopooza, rangi zisizo na damu, na orodha ya wahusika isiyokuwa na wale waliowalea. Mwishoni mwa 2024 kundi la mashabiki lilitoa toleo lake la gemu hilohilo, Infinite & Beyond. Kazi yao kubwa ilikuwa kulichora upya: mwanga, mistari, mavazi, ili Spider-Man na Ryu waonekane kama waliotoka kwenye kurasa za katuni. Ujuzi wa mapigano ulikuwa umelala humo tangu 2017, bila mtu. Walipompa kila mhusika sura ambayo mtu angeweza kumpenda, watu walirudi kucheza, na waliofanya kazi hiyo yote hawakuwa na mshahara wala amri ya Capcom.