Haya Yangu Mezani



 

Likizo iliyopita nilikuwa Kampala kwa mafunzo ya kazi. Wiki ya mwisho wenzangu wa ofisini waliamua kuniaga kwa chakula cha jioni, wakachagua mkahawa mdogo wa Kijapani, meza zake hazifiki kumi. Waliuchagua kwa ajili yangu. "Huko ni samaki na wali," walisema, "Mwislamu atakula bila shida." Wengi wao si Waislamu, na wema ule sijausahau.

Sisi tuliokulia Onduparaka samaki tunamjua: angara mkavu wa Ziwa Albert, kapikwa kwa rojo la karanga, na enyasa ya moto pembeni. Pale aliletwa samaki mbichi, kakatwa vipande vyembamba juu ya matonge ya wali. Nafsi ilikataa. Lakini nafsi kukataa si sheria. Mnakijua kisa cha Khalid bin Walid (r.a.) na dhabb, yule mnyama wa jangwani mfano wa kenge. Mtume (s.a.w.) hakumla kwa kuwa hakuwa chakula cha kwao, wala hakumharamisha, na Khalid akamla mbele yake. Windo la majini Allah amelihalalisha katika Suratul Maida. Wali nao ulikuwa umetiwa siki ya mchele, na siki ni kitoweo alichokisifu Mtume mwenyewe. Basi nikasema bismillah, nikala kwa mkono wa kulia. Vijiti vilinishinda.

Tatizo lilikuja na kuku. Alikuwa amechomwa na kupakwa mchuzi mweusi unaong'aa. Kwenye menyu, chini ya jina lake, viliandikwa vilivyomo: soya, sukari, tangawizi, mirin. Neno la mwisho sikulijua. Simu ilikuwa mkononi mwangu, naipigia picha sahani. Kulitafuta neno lile kungechukua nusu dakika. Nikaona haya. Wote wanakula, mimi nianze kuchunguza? Nikajiambia kwamba nchini kwetu wachinjaji kwa desturi ni Waislamu. Nikajikumbusha Hadithi ya Bi Aisha (r.a.), ya watu walioletewa nyama na jamaa waliosilimu karibuni, wasijue kama ilitajiwa jina la Allah, na Mtume akawaambia walitaje wao kisha wale. Nikala vipande viwili.

Ndipo alipofika dada mmoja, Mwislamu mwenzangu pale ofisini, aliyekuwa amebaki nyuma kuswali Magharibi. Kabla ya kugusa chochote akamwita mhudumu. "Samahani kaka, mchuzi wa kuku huyu una pombe?"

Mhudumu hakujua, akamwita mpishi. Mpishi akaja akijifuta mikono, akaeleza bila kuudhika. Mirin ni pombe tamu ya mchele, kileo chake kama asilimia 14. Mchuzi ule una sake pia, nayo ni pombe ya mchele. Supu ya tambi ya pale inachemshwa kwa mifupa ya nguruwe, hiyo asiisogelee. "Lakini naweza kukuchomea samaki kwa chumvi tupu, dada, juu ya wavu safi." Punde dada yule alikuwa anakula na kucheka na wenzake. Hakuna aliyenuna. Aibu niliyoiogopa haikuwa kwa mtu yeyote pale mezani isipokuwa mimi.

Ndugu zangu, mtu angempaka kuku kwete hapa kwetu, ningeijua harufu kabla sijaketi. Kwete ni nafaka iliyochachushwa ikalevya, na mirin nayo ni nafaka iliyofanywa kileo, ila jina lake limetoka mbali. Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha kwamba watakuja watu watakaokiita kileo kwa majina mengine, na akatufundisha kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake pia ni haramu. Wapo wanaosema moto huondoa kila kitu. Moto hupunguza, hauondoi chote. Siki ni jambo jingine, kwa kuwa imekwisha kugeuka na hailevyi tena.

Niliporudi nilimweleza imamu mmoja. Akasema aliyekula bila kujua hana dhambi. Nikapumua. Kisha akaniuliza, "Hukujua, au hukutaka kujua?" Nikainamisha kichwa. Akanikumbusha Abu Bakr (r.a.), aliyeletewa chakula na mtumishi wake, na alipojua kimetokana na malipo ya ukuhani akatia kidole kooni akakitapika. "Na hiyo Hadithi ya Bi Aisha uliyojitetea nayo," akasema, "inaanzaje? Inaanza na watu waliokwenda kuuliza."

Simaanishi tugeuke wapelelezi. Mwislamu akikualika kwake, kula, umwombee dua. Kumhoji mwenyeji wako juu ya sufuria yake ni utovu wa adabu. Nasemea mikahawa ya mjini, ambako wengi wetu tutakwenda kufanya kazi. Huko ulizeni kabla ya kuagiza, kwa sauti ya kawaida, kama mnavyouliza bei. Na anayewaalika mwambieni mapema. Ni heshima kwake pia, asitoe pesa yake kwa chakula msichoweza kula.

Nyumbani nilimsimulia mama. Nikamwambia kwamba sisi wa Onduparaka tumezoea raha, hapa kila kitu ni halali, hakuna haja ya kuuliza. Mama akaacha kuchambua mboga.

"Nani kakuambia siulizi? Kila nikienda soko la Arua namuuliza muuza nyama nani kachinja, na lini. Hata yule niliyemzoea miaka yote. Wewe, mwanangu, ulikuwa ukiiona nyama imeshafika sufuriani."

Kisha akanipa kikapu, akanituma sokoni.