Simbi, Shaba na Deni

Fedha ikifa, nani huilipa hasara yake?

Wachina wa kale walitumia simbi kabla ya kuwa na sarafu, na hata leo herufi zao za mali na deni zingali na umbo la simbi ndani yake. Baadaye wakasubu shaba iliyochanganywa na bati na risasi, wakafanya sarafu ya duara yenye tundu la mraba, wakazitunga kambani. Desturi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 2000. Baadhi ya sarafu hizo zilifukuliwa kisiwani kwetu mwaka 1945, Kajengwa, karibu na Makunduchi.

Bukoba haikuzihitaji. Simbi za pwani zilikwisha kufika huko mabegani mwa wapagazi, zikaenea nchi za Wahaya tangu Kiziba hadi Ihangiro, ambayo leo imo Muleba. Zilinunua sokoni, zikatolewa katika mahari. Mwaka 1890 Emin Pasha akasimamisha boma la Wadachi Bukoba. Hatimaye kodi ikadaiwa kwa rupia.

Tumfikirie mjane wa Ihangiro aliyejaza simbi chunguni kwa ajili ya mahari ya mwanawe. Hakufuja, hakudhulumu. Chungu ni kile kile, simbi ni zile zile, ila mtoza kodi hazitaki.

Mwenye kubisha atasema: simbi ni gamba tu, alijidanganya mwenyewe. Basi na shaba je? Mwaka 1853 serikali ya mfalme Xianfeng, iliyolemewa na vita vya Taiping, ilianza kusubu sarafu kubwa na kuziandika thamani iliyozidi mno uzito wake. Soko likazikataa. Maandishi ya mfalme peke yake hayakutosha, kama gamba peke yake lisivyotosha. Fedha ni kuaminiana.

Lakini watu wa sokoni Uchina waliweza kuikataa ahadi ya mfalme. Mjane hakuweza kumkataa mtoza kodi. Kwa hiyo naona kwamba anayebadili kipimo kwa amri ana deni kwa aliyekiamini: ampe muda, na ampokelee cha kale kwa kiwango cha haki. Asipofanya hivyo, amemtoza kodi ya pili bila kuitangaza.

Simbi zilibaki katika vilemba vya embandwa, wahudumu wa mizimu. Huko hazikununua kitu, wala hapakuwa na amri ya kuzifuta.