Zawadi, Sadaka na Uso wa Mtoaji: Tafakuri Kutoka Mapokeo ya Kiyahudi

Makala haya yanachunguza swali moja la kimaadili: je, zawadi hupata maana kutokana na kitu kinachotolewa, au kutokana na mtu anayekitoa? Methali yetu, kutoa ni moyo usambe ni utajiri, huelekea kulijibu mara moja. Hata hivyo, methali hiyo haituambii iwapo moyo huo wapaswa kujulikana au kufichwa.

Tuanze na fasihi. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa anwani Mabepari wa Venisi (1969), neno "mabepari" liliuelekeza uhakiki kwenye mali na riba. Kwa hiyo tukio moja dogo hupitwa upesi. Shylock anaarifiwa kwamba bintiye aliyetoroka, Jessica, ameitoa pete ya feruzi ili apate tumbili. Kinachomuumiza hapo si bei ya pete. Alipewa na Leah alipokuwa kapera, na kwake hakuna kitu cha sokoni kinachoweza kulingana nayo. Bassanio naye, ingawa ameapa kutoivua pete ya Portia, anaitoa. Shakespeare hakuwa Myahudi, na taswira yake ya Myahudi imebeba chuki za zama zake. Lakini hapa yule anayeitwa mla riba ndiye anayejua kwamba zawadi si bidhaa.

Mapokeo ya Kiyahudi yenyewe yanalifafanua jambo hili kwa kutenganisha aina mbili za utoaji. Talmudi inafundisha kwamba ampaye mwenzake zawadi yapasa amjulishe. Kwa upande mwingine, Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1204, alipanga daraja nane za kumsaidia maskini, na akaiweka karibu na kilele ile ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Juu yake ipo moja tu: kumwezesha mtu, kwa mkopo, ubia au kazi, ili asihitaji tena kusaidiwa. Sikukuu ya Purimu huzishika aina zote mbili kwa pamoja, kwani Myahudi huamriwa kumpelekea rafiki vyakula na, mbali na hivyo, kuwapa maskini. Mantiki yake ni wazi. Zawadi hujenga uhusiano, hivyo yahitaji uso. Sadaka ni haki ya mhitaji, na uso wa mtoaji humwaibisha. Si ajabu kwamba neno la Kiebrania la utoaji huu, lenye mzizi mmoja na "sadaka" yetu, lina maana ya haki.

Tukiitazama harambee kwa mwanga huu, hapa Kakamega kama kwingineko nchini, tunaona kwamba mara nyingi aina hizo mbili zimechanganywa. Mwanafunzi anayechangiwa karo huketi mbele ya umati huku majina na viwango vikitangazwa kwa kipaza sauti. Anachopewa ni sadaka, ila namna ya kukitoa ni ya zawadi. Mtoaji huondoka na sifa. Mpokeaji huondoka na karo pamoja na deni asiloweza kulilipa.

Yawezekana kupinga kwamba tangazo huwahimiza wengine, na kwamba mtoaji wa leo ndiye mpokeaji wa kesho. Hoja hii ina uzito pale wahusika wanapolingana: katika arusi, kutaja jina la mleta kuku ni shukrani, na siku yake itafika. Lakini mwanasiasa na mtoto wa mjane hawalingani, na kesho hiyo ya kubadilishana nafasi haiji.

Kwa hiyo tunahitimisha kwamba methali yetu yahitaji nyongeza. Kutoa ni moyo, naam. Lakini ni moyo unaojua lini ujionyeshe na lini ujifiche. Aliyempa rafiki pete na akajificha amemnyima nusu ya zawadi. Aliyemlipia maskini karo na akajitangaza amejirudishia sehemu ya alichokitoa.