Macho ya Wengi Sokoni

Je, mtu anunuaye kitu kwa sababu tu wenziwe wanakinunua, huwa amemdhulumu yeyote?

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Walioomba walipita watu 800,000, na wengi wao walikuwa hawajapata kumiliki hisa hata moja. Walikumbuka khabari ya KenGen mwaka 2006, ambayo bei yake ilipanda zaidi ya maradufu, na wengine wakakopa benki. Biashara ilianza tarehe 9 Juni. Bei ikapita shilingi 7, na kabla mwaka haujaisha ikawa chini ya 5. Ni kweli kuwa masoko ya dunia nzima yalitikisika wakati huo. Lakini simu hazikuacha kulia. Kilichogeuka zaidi ni macho ya watu.

Sisi wa Kibomet twalijua jambo hili kwa mahindi. Ikienea khabari kuwa bei ni nzuri, magunia yote hufika Kitale siku moja, na bei huanguka. Walakini mahindi mnunuzi huyatia mkononi akajua kama yamekauka. Hisa haishikiki, basi mtu hutazama uso wa jirani yake.

Mtume (s.a.w.) amekataza najshi, nayo ni mtu kuzidisha bei ya bidhaa asiyoitaka ili amghuri mwenziwe. Umati wa 2008 haukukusudia kumghuri mtu. Hata hivyo wengi wao hawakuitaka hisa yenyewe. Walimtaka mtu wa pili aje aitoe mikononi mwao kwa bei kubwa zaidi. Matokeo yakawa ya najshi, na mwenye najshi haonekani!

Yuko atakayesema: pasipo nia hapana dhambi. Twamkubalia kwa yule aliyenunua kimya, kwa mali yake. Ama aliyemhimiza mjane akope, naye mwenyewe hajausoma waraka wa mauzo uliotolewa kwa watu wote, huyo hatumwoni kuwa yu salama.

Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40. Aliyeinunua kwa akiba yake akaisahau sandukuni aliiona siku hiyo. Mwenye deni alikuwa amekwisha kuiuza zamani, kwa khasara, ili ailipe benki.