Rangi ya Jirani

Hapa Busiu, panda mchicha mwekundu katikati ya sukuma wiki: wekundu unawaka, na kijani nacho kinakolea. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alieleza sababu. Kwenye kiwanda cha Gobelins watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akakuta rangi ni nzima. Kilichoiharibu ni rangi ya jirani.

Basi ndugu zangu, tukimwita kijana mzito, tumeangalia amewekwa kando ya nani? Lakini mtu si mboga. Mchicha hauulizwi upandwe wapi. Mtu lazima aulizwe. Kutupanga makabila mchanganyiko ili tupendeze kwenye picha za wageni, hiyo bado si ujirani. Ujirani tunauchagua wenyewe.